Nyapara Amehamia Kwenye Kompyuta: Tunachoweza Kujifunza Rufiji

Siku hizi hapa Dar kuna kundi la vijana ambao ukimuuliza mama mwenye nyumba wao wanafanya kazi gani, atabaki kukuangalia tu. Asubuhi hawatoki, daladala hawagombanii, tai hawavai. Lakini kodi ya nyumba wanalipa, tena kwa wakati. Mwajiri wao yuko Toronto au Berlin, wao wako Sinza au Mbagala na kompyuta mpakato mezani. Wanatafsiri, wanaandika programu, wanapanga hesabu za kampuni, wanajibu maswali ya wateja wa maduka ambayo hawajawahi kuyatia machoni. Ni kazi halali na ni kazi nzuri. Ila ina sharti moja ambalo tunalizungumza kwa minong'ono tu: kuchungwa.

Kwa wasioijua, ngoja nieleze kidogo. Mtandao wa Upwork, ambao vijana wengi wa Afrika Mashariki hupatia kazi, una programu yake kwa kazi zinazolipwa kwa saa. Ukishaiwasha, inapiga picha ya skrini yako mara sita kwa saa, moja katika kila kipindi cha dakika kumi, na hujui itapiga dakika ipi. Pamoja na picha hizo inahesabu umebonyeza kibodi na mausi mara ngapi. Anayekulipa huko aliko anaviona vyote. Tena huo ni mtandao unaotangaza wazi unachofanya. Zipo programu nyingine ambazo mwajiri anaweza kukuwekea kwenye kompyuta aliyokupa na wewe usijue kabisa kwamba zipo.

Mimi nimewahi kufanya kazi ya kutafsiri kwa kampuni moja ya nje (jina kapuni) kwa miezi michache, kabla uandishi haujaanza kunilipa vizuri. Sasa wewe msomaji unajua kutafsiri kukoje. Unaweza kukaa dakika nane ukitafuta neno moja, mikono imetulia, macho yako darini. Neno likija, umeifanya kazi ngumu kuliko zote za siku hiyo. Kwa programu, dakika hizo nane ulikuwa umelala. Mwisho wa wiki naletewa asilimia ya "uchangamfu" wangu, na hakuna hata siku moja mtu aliyeniuliza kama tafsiri yenyewe ilikuwa nzuri!

Watu wengi wanadhani mambo haya yameletwa na Covid mwaka 2020, pale ofisi zilipofungwa na mabosi wakapata homa ya kutoona watu wao. Kweli, biashara ya programu hizi ilipanda sana wakati ule. Lakini swali la mwajiri aliye mbali ni la zamani mno: nitajuaje kama huyu nisiyemwona anafanya kazi? Na sisi hatuna haja ya kwenda Ulaya kusoma historia ya swali hilo. Shika Barabara ya Kilwa, pita Mkuranga, fika Bungu na Kibiti, kisha vuka mto pale Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Hapo umeingia darasani. Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, kwa hiyo nikisema Rufiji katika makala hii nina maana ya eneo lote lile, bonde na delta, pande zote mbili za mto.

Katika eneo hilo, na mengine yanayofanana nalo, swali la mwajiri wa mbali limejibiwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kumweka mtu wa kukuangalia. Ya pili ni kukubebesha karatasi inayosema umefanya kazi siku ngapi. Ya tatu ni kuachana na muda wako na kuhesabu ulicholeta. Tuzitazame moja moja, maana zote tatu zimo ndani ya kompyuta zetu leo.

Tuanze na nyapara. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia mwaka 1901. Viwanda vya nguo vya Ujerumani wakati huo vilitegemea pamba ya Marekani, na wakubwa wa Berlin hawakufurahia utegemezi huo. Mwaka 1902 ukaanza mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja, kwanza katika wilaya ya Dar es Salaam, kisha ukasambaa kusini mwa pwani, Rufiji na Kilwa zikiwemo. Kila jumbe alitakiwa atenge shamba, na watu wake walime pamba humo kwa siku 28 kila mwaka. Mwanahistoria John Iliffe, aliyechunguza mpango huu katika miaka ya 1960, ameeleza kwamba mapato yalipangwa kugawanywa mafungu matatu: moja la wafanyakazi, moja la jumbe, na moja la mfuko wa serikali ya wilaya.

Sasa jiweke kwenye viatu vya bwana mkubwa wa boma pale Mohoro, makao ya serikali ya Rufiji enzi hizo. Una mto mkubwa unaofurika, una delta yenye vijito visivyohesabika, una vilima vya Umatumbi upande wa kusini. Utaonaje kama watu wa kijiji kilicho mwendo wa siku mbili wamekwenda shamba leo? Huwezi. Kwa hiyo unamwagiza akida. Akida naye hawezi kuwa kila mahali, anamwagiza jumbe. Jumbe anaweka msimamizi. Msimamizi ana kiboko mkononi, na nyuma yake wako askari kwa ajili ya wabishi. Bibi na babu zetu wa pwani walikuwa na jina la adhabu ile ya viboko ishirini na vitano: hamsa ishirini.

Angalia jinsi mnyororo huo ulivyokaa. Kila aliye katikati anachungwa na aliye juu yake, na kila mmoja ana sababu ya kupeleka juu habari nzuri. Jumbe ana fungu lake katika mapato. Akida ana cheo cha kulinda. Mwenye boma anataka kumwandikia gavana kwamba wilaya yake inasonga mbele. Na kitu rahisi kuliko vyote kuripoti ni siku na watu: wamekuja wangapi, wamelima siku ngapi. Kama udongo wa pale unaifaa pamba au hauifai, hilo halimo katika hesabu. Kama watu wana chakula cha kuwafikisha mavuno, hilo ndiyo kabisa.

Na hapo ndipo mkulima wa Rufiji alipoumia. Kazi ya bonde lile inaendeshwa na mto. Mpunga unapandwa kwa mvua, mto ukafurika ukaulea. Maji yakishuka watu wanaingia kupanda kilimo wanachokiita mlau, mahindi na kunde katika matope yaliyobaki na unyevu. Ukichelewa, udongo umekauka. Halafu kuna kulinda. Nguruwe, nyani, kiboko na ndege wote wanaujua mpunga kuliko bwana shamba. Kwa hiyo familia inahamia shambani, inajenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, na watu wanalala humo kwa wiki nyingi wakipiga kelele na kutupa mawe usiku. Sasa mwambie nyapara kwamba mtu aliyekaa juu ya dungu yuko kazini! Kwa macho yake mtu huyo amekaa tu. Anamtaka ateremke akapalilie pamba ya serikali, na nguruwe wanaingia kwenye mpunga.

Thaddeus Sunseri, mwanahistoria mwingine, ameyaeleza haya vizuri kwa jirani zetu wa Uzaramo. Wanaume walipokimbia kazi ya pamba au walipokwenda kutafuta vibarua mbali, mzigo wa mashamba uliwaangukia wanawake, na nguruwe mwitu wakala mazao kwa sababu walinzi na wawindaji walikuwa wamepungua. Njaa ikaingia. Katika daftari la pamba, siku za kazi zilikuwepo.

Malipo je? Yalikuwa madogo kiasi kwamba kuna sehemu watu walikataa kuyapokea. Fikiri vizuri hapo. Mtu maskini, mwenye kodi ya kulipa, anakataa pesa mkononi. Nadhani alikuwa anajua kwamba akiipokea amekubali kuwa ile ndiyo bei ya siku zake.

Kilichofuata mnakijua tangu shule ya msingi. Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbi, waling'oa pamba. Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye wengi wetu tulikutana naye kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, alikamatwa na kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinaanza. Viliendelea hadi mwaka 1907. Wajerumani wenyewe walikadiria Waafrika 75,000 walikufa. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alifikia makadirio ya kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Sitaki mtu aseme nimedai vita vililetwa na usimamizi wa kazi peke yake. Kulikuwa na kodi, kulikuwa na kazi za lazima za barabara na mashamba ya walowezi, kulikuwa na dharau ya maakida, na kulikuwa na imani iliyowaunganisha watu wa makabila mengi. Lakini kumbuka kitu cha kwanza kilichoguswa kilikuwa nini. Kabla ya boma na kabla ya askari, walianza na mche wa pamba. Waling'oa kile ambacho siku zao zilikuwa zinahesabiwa kwacho. Baada ya vita, mpango ule wa mashamba ya pamoja ukazikwa.

Njia ya pili ni karatasi. Nyapara ni ghali na hupokea rushwa, karatasi hupokea wino tu. Mwaka 1907, wilaya ya Wilhelmstal, ambayo sasa tunaiita Lushoto, ilianzisha kadi: kila mwanamume awe na kadi ya kuonyesha kwamba amefanya kazi kwa walowezi siku 30 katika kila miezi minne. Neno kipande likakaa katika lugha ya vibarua. Wakati wa Mwingereza, kwenye mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa karatasi ya siku 30 za kazi. Unapimiwa kazi ya siku, ukiimaliza siku inaandikwa, usipoimaliza haiandikwi. Kwa hiyo siku 30 za kipande zilikuwa ndefu kuliko mwezi wa mwandamo na mwezi wa kalenda vyote viwili! Kenya walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande chenye alama za vidole ndani ya kijaluba cha chuma, wengi wakakitundika shingoni. Mwajiri akiandika humo, na bila saini yake ya kukuachia huwezi kwenda kwa mwingine. Kipande hicho ni moja ya mambo aliyoyapigania Harry Thuku mpaka akakamatwa Nairobi mwaka 1922.

Lakini kuna jambo moja kuhusu kipande ambalo nimelitafakari sana. Kipande cha mkonge kilikuwa kamba ya kumfunga kibarua, sawa. Hata hivyo kilikaa mfukoni mwake. Jioni aliiona alama ya siku yake. Karani akimdhulumu siku, wote wawili waliangalia karatasi ileile na palikuwa na la kubishania. Linganisha na leo. Kwa Upwork mfanyakazi anaweza kuziona picha zake, na anaweza kuifuta moja, ila akiifuta anapoteza malipo ya dakika zile kumi. Hicho ni kipande kabisa, na tuseme ukweli, kuna wanaokipenda maana kinamzuia mteja tapeli kusema hukufanya kazi. Sasa chukua zile programu nyingine, ambazo kumbukumbu yote inakaa kwa mwajiri na wewe unapelekewa hukumu tu. Hapo tumerudi nyuma ya mwaka 1907. Ni kipande ambacho mwenye kipande hakioni.

Njia ya tatu inapatikana delta, upande wa Kibiti. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, mkubwa kuliko mwingine wowote katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi boriti za huko zilipakiwa majahazi kwenda Unguja, Arabuni na Ghuba kujengea nyumba. Wajerumani waliweka kituo cha misitu Salale mwishoni mwa karne ya 19 ili kuidhibiti biashara hiyo. Lakini mkata mikoko utamchunga vipi? Saa yake ya kuingia na kutoka inapangwa na maji kujaa na maji kupwa. Bamvua ikija ana siku zake, maji mafu yakija ana nyingine. Yuko ndani ya matope na mizizi, kijito hiki kinageuka kuwa vitatu, na mtumbwi wa msimamizi haufiki. Delta hiyo ndiyo iliyoficha manowari nzima ya Kijerumani, Königsberg, kuanzia mwaka 1914. Waingereza walihangaika miezi mingi na wakalazimika kuleta ndege kuisaka, hadi ilipomalizwa tarehe 11 Julai 1915. Kama meli ya vita ilijificha, wewe unadhani mtu na shoka lake ataonekana?

Kwa hiyo biashara ya boriti ilitumia kipimo kingine: korja. Korja moja ni miti ishirini. Miti inapangwa ukingoni kwa unene wake, fito kivyake, mazio kivyake, boriti na nguzo kivyake, na inahesabiwa. Kama uliamka alfajiri au ulilala mpaka saa nne, hilo ni lako na Mungu wako. Utasema basi hiyo ndiyo dawa. Taratibu! Anayenunua ndiye anayepanga bei ya korja. Ndiye anayesema mti huu umepinda, huu mwembamba, toa. Siku ya mvua na siku ya homa ni zako peke yako. Wafanyakazi wa mtandaoni wanaolipwa kwa kila makala au kwa kila picha waliyoitambulisha wanaujua vizuri wimbo huo. Hata hivyo kipimo cha korja kina heshima moja ndani yake: kinahesabu kitu ambacho mnunuzi anakihitaji kweli, na kinamwachia mfanyakazi akili yake ya namna ya kukipata.

Sasa nije kwenye hoja yangu, maana naona nimewazungusha sana kwenye mikoko. Anayesimamia kutoka mbali huhesabu kinachohesabika, na baada ya muda anasahau kwamba alikuwa anatafuta kingine. Bwana wa Mohoro alitumwa pamba, akaishia kuhesabu siku. Meneja wa leo anataka tafsiri nzuri au programu inayofanya kazi, anaishia kuhesabu mibonyezo. Na mtu anayehesabiwa kwa kitu kisicho kazi yake hujifunza upesi kukizalisha kitu hicho.

Vuka Mto Ruvuma uone. Msumbiji, kuanzia mwaka 1938 hadi 1961, Wareno waliwalazimisha wakulima kulima pamba kwa ajili ya makampuni yenye vibali, na wasimamizi wakipita kuhakikisha watu wako shambani na mbegu zimepandwa. Wakulima wakapanda. Ila wengine, kama alivyoeleza mwanahistoria Allen Isaacman, walizichemsha au kuzikaanga mbegu kwanza. Msimamizi aliona mtu ameinama, jembe mkononi, mbegu zinaingia ardhini. Kila kitu kwenye ripoti kilikuwa safi. Pamba haikuota, na mkulima akasema labda udongo wetu hauifai, bwana.

Ukicheka, cheka na hili pia. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba benki ya Marekani ya Wells Fargo imewafukuza zaidi ya wafanyakazi kumi na wawili kwa tuhuma za kuigiza shughuli za kibodi ili waonekane wako kazini. Na madukani kuna vijidude vinavyouzwa kwa kazi hiyo tu, vya kutikisa mausi wakati mwenyewe yuko jikoni. Hizo ndizo mbegu za kuchemsha za karne hii. Najua kuna watakaosema huo ni wizi, na mtu anayelipwa bila kufanya kazi mimi simtetei. Ninachosema ni kwamba mwajiri aliyetangaza kuwa mausi ndiyo kazi asishangae akiuziwa mausi.

Na tusidhani ni wakoloni na mabepari peke yao. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali yetu wenyewe iliendesha Operesheni Rufiji, ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya ujamaa kwenye miinuko. Nia ilikuwa kuwaokoa na maji na kuwapelekea shule, zahanati na visima, na nia hiyo siidharau. Ila mashamba ya mpunga yalibaki kulekule bondeni, saa kadhaa kwa miguu. Mkulima akawa sasa ndiye mfanyakazi wa mbali na shamba lake mwenyewe. Kjell Havnevik, aliyeitafiti Rufiji kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi mpangilio huo ulivyoyumbisha kilimo kilichokuwa kimefungamana na mto. Kisha katika miaka ya 1970 zikaja kampeni za kitaifa, Kilimo cha Kufa na Kupona, na sehemu nyingi za nchi zikawa na sheria ndogo za kila kaya kuwa na ekari kadhaa. Ekari zikahesabiwa. Watu wa Rufiji wao walifanya walichofanya siku zote: maji yaliposhuka, walirudi bondeni na kujenga madungu yao. Waliokuwa wanahesabu walikuwa juu, chakula kilikuwa chini.

Tufanyeje basi? Maana siandiki haya ili mtu aache kazi. Ajira zenyewe mnaziona.

Kwanza, tujue tuna sheria. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya walitangulia kwa sheria yao ya mwaka 2019. Sheria hizi zinampa mtu haki ya kujua taarifa gani zake zinakusanywa na kwa nini, haki ya kuziona, haki ya kudai zisahihishwe, na ulinzi dhidi ya uamuzi unaofanywa na mashine peke yake. Picha ya skrini yako, yenye ujumbe wa mchumba wako na taarifa ya benki pembeni, ni taarifa binafsi. Kuidai haki hiyo kwa mwajiri aliye nje ya nchi ni safari ndefu, sitawadanganya. Lakini mwajiri wa hapahapa anayemfuatilia mfanyakazi aliyeko nyumbani kwake Kigamboni hana kisingizio cha bahari.

Pili, tuulize kabla ya kusaini. Unahesabu nini? Nani anasoma? Kumbukumbu inakaa wapi na kwa muda gani? Naweza kuiona? Kazi ya kufikiri, kusoma na kuongea na mteja kwa simu inaandikwa wapi? Kelele huwa zinasaidia. Mwaka 2020 Microsoft ilipotoa huduma ya kuwapa wafanyakazi alama za tija kwa majina yao, watu walipiga kelele na kampuni ikayaondoa majina hayo ndani ya wiki chache. Wale wanaojadiliana peke yao kila mmoja chumbani kwake hawawezi kupata hilo. Vibarua wa mkonge walipata nafuu walipounda vyama, na sisi wa kompyuta hatuna tofauti isipokuwa feni na intaneti.

Tatu, na hili nawaambia nyie mnaoanza kuwa mabosi, maana wapo humu wenye kampuni ndogo na vijana watano wanaofanya kazi majumbani. Kabla hujanunua programu ya kuwachungulia, jiulize unachotaka hasa ni kitu gani, kisha pima hicho. Ukishindwa kukitaja, tatizo haliko kwa kijana aliyeko nyumbani.

Nimesema nilichokuwa nacho. Kwa wale mnaofanya kazi hizi, tuambieni huko kwenu wanahesabu nini, na mnakiona au hamkioni. Na wewe wa Kibiti, Ikwiriri, Utete au Nyamisati unayesoma hapa, kama una babu au bibi anayekumbuka hadithi za pamba, za korja au za Operesheni, kaa naye uandike. Madaftari ya mabwana yamehifadhiwa Dar na Berlin. Ya wale waliokuwa juu ya dungu hayajaandikwa bado.